Rejista ya Ofisini Ndiyo Iliyonifundisha Kuchagua Timu

Nilipoteuliwa kuwa makamu mkuu wa shule, huku nikiendelea kufundisha hisabati na kuinoa timu ya mpira wa miguu ya vijana wenye umri chini ya miaka 15, hakuna aliyenipongeza bila kunipa methali. Mmoja alinikumbusha kwamba njia mbili zilimshinda fisi, mwingine akasema mshika mbili moja humponyoka, na mkubwa wangu mmoja kazini, ambaye sijapata kumwona akikanyaga uwanja, alinishauri kwa upole niwaachie vijana filimbi nami niketi ofisini. Nilimshukuru, wala sikumsikiliza. Muda haukunisumbua, kwa kuwa mpanga ratiba ya shule nilikuwa mimi: vipindi vyangu niliviweka asubuhi, jioni nikaiacha wazi, na walioguna waliguna.

Kilichonitesa ni uteuzi wa wachezaji. Kwa misimu minne nilichagua kikosi kwa mechi mbili za majaribio na daftari mkononi, nikijiona nina jicho la mwewe. Msimu wa tano, kwa kuwa sasa kazi hiyo ilikuwa ya ofisi yangu, ilinibidi kujaza mwenyewe fomu za kuthibitisha umri, nikinakili tarehe za kuzaliwa kutoka rejista ya uandikishaji. Januari, Februari, Januari, Machi. Nilipofika jina la kumi niliweka kalamu chini. Kati ya wachezaji 18, 13 walizaliwa kabla ya Mei, na wa Desemba hakuwapo hata mmoja.

Mashindano yetu huhesabu umri kuanzia tarehe 1 Januari, kwa hiyo mtoto wa Januari huwekwa kundi moja na mtoto wa Desemba ya mwaka huo huo, ingawa amemtangulia duniani kwa takriban miezi 11. Katika umri wa miaka 13 au 14, miili inapokua kwa kasi isiyolingana, miezi hiyo si midogo. Nilichokiita kipaji kilikuwa, kwa sehemu kubwa, ukubwa wa mwili. Baadaye nilisoma kwamba Roger Barnsley na wenzake waliliandika jambo hili mwaka 1985 kuhusu hoki ya barafuni nchini Kanada, na inasimuliwa kwamba aliyelitambua kwanza ni mkewe, akipitia orodha ya wachezaji katika kijitabu cha mechi. Nilifarijika kidogo kuona kwamba nao walianzia kwenye orodha.

Hapo nikafanya kosa la mtu wa ofisini, nikadhani ugonjwa wa orodha hutibiwa kwa orodha. Niliandika barua yenye muhuri, mwandishi mimi na mwandikiwa mimi, ikiagiza kwamba nusu ya kikosi wawe wamezaliwa baada ya Juni. Mechi ya kwanza tulifungwa mabao sita, na mshambuliaji wetu alikuwa akimfikia beki wa wapinzani kwenye kiwiko. Kibaya zaidi, watoto walijua. Wale wadogo wakabandikwa jina la “watu wa barua”, na mmoja wao akabisha hodi ofisini, akasimama wima, akaniomba kwa adabu nimwondoe kikosini mpaka atakapochaguliwa kwa miguu yake. Nilikosa jibu, nami ni mtu ambaye hakosi jibu kwa mwanafunzi.

Katikati ya msimu nilikivunja kikosi, nikaita majaribio upya. Nilikusanya vizibao vikuukuu vya mazoezi, nikavishonea namba mpya kwa fedha isiyozidi ya boksi chache za chaki, na namba hizo zikafuata umri: mkubwa kuliko wote alivaa 1, mdogo kuliko wote akavaa 30. Maana yake niliwaambia walimu wawili tu walionisaidia kuchagua. Watoto walibaki kushangaa kwa nini kipa amevaa 22. Ukimwona namba 3 anampiga mwenzake kikumbo na kuondoka na mpira, mgongo wake unakukumbusha kwamba huyo ni mkubwa, hebu mtazame tena. Namba 27 akiangushwa, lakini pasi aliiona kabla ya wengine wote, unaliandika jina lake. Yule aliyebisha hodi alivaa 28, na walimu wote wawili walimchagua kabla yangu.

Nilitembea kifua mbele mpaka niliposoma kwamba watafiti walikwisha kuijaribu mbinu hiyo kwa wasaka vipaji wa soka nchini Uholanzi na kuichapisha mwaka 2017. Walikuta hata kwamba kuwapa wasakaji tarehe za kuzaliwa hakukuondoa upendeleo, ila namba mgongoni ndiyo iliyosaidia. Barua yangu yenye muhuri haikuwa na nafasi ya kushinda.

Kwa kuwa nilikuwa na kipindi cha takwimu wiki hiyo, niliwapa wanafunzi miezi ya kuzaliwa ya kile kikosi cha awali, bila majina, wachore grafu. Walichora vizuri. Kisha msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono na kuuliza, “Mwalimu, na orodha ya mkondo wa kwanza nayo iko hivi?”

Jioni hiyo sikwenda uwanjani. Nilifunga mlango wa ofisi, nikaifungua rejista kando ya orodha ya mkondo wa kwanza, yaani darasa la wenye alama za juu, niliyoipanga na kuitia saini mwenyewe, nikaanza kunakili: Januari, Machi, Januari, Februari.