Pekupeku, Nyali

Leo asubuhi nimekimbia dakika 40 pekupeku, kutoka Nyali, hapa Mombasa, kuelekea ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule ambao wengi wetu tunauita Pirates, kisha nikarudi. Naandika haya nikiwa bado na mchanga kati ya vidole, kwa sababu jambo lililotokea leo nataka kulinukuu kabla halijapoa, ingawa ili lieleweke itanibidi nianze nyuma kidogo.

Mimi ni mwalimu, nina umri wa miaka 44, na kwa muda mrefu nilikuwa nikikimbia barabarani kama wakimbiaji wengine wa mji huu, yaani alfajiri, kabla ya matatu kuamka, nikiwa na raba nilizozinunua kwa pesa ambazo hadi leo sijathubutu kumtajia mtu nyumbani. Goti la kulia lilianza kulalamika mwaka juzi. Nikapumzika, nikajaribu tena, nikapumzika tena. Jioni moja nilikuwa natembea ufuoni na mpwa wangu, champali nimezishika mkononi, akaninyakua leso begani na kutimua mbio. Nilimfukuza bila ya kufikiri. Nilipomkamata, sote tukiwa hoi kwa kicheko, ndipo nilipotambua kwamba goti halikusema neno.

Mtu mwenye busara angelichukulia hilo taratibu. Mimi nilirudi siku ya pili yake nikakimbia kilomita 5 mfululizo, kichwa changu kikiwa kimejaa habari za Abebe Bikila, yule Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 miguu mitupu, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. (Miaka 4 baadaye, Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu, jambo ambalo wahubiri wa miguu mitupu hupenda kulisahau.) Asubuhi iliyofuata mashavu ya miguu yangu yalikuwa yamekaza kama kamba ya nanga. Ngazi nilizishuka kinyumenyume huku nimeshika ukuta, na kila nilipoinuka kutoka sijida nilimuomba Mola anisamehe kwa miguno niliyokuwa nikiitoa. Nilikaa wiki 3 bila ya kukimbia.

Sababu yake si siri. Raba yenye kisigino kinene humruhusu mkimbiaji atue kwa kisigino bila ya kuumia, kwa hiyo shavu la mguu na ile kano nene iliyo juu ya kisigino huishi miaka mingi bila ya kufanyishwa kazi yake yote. Ukivua kiatu, mguu huanza kutafuta namna ya kutua bila kishindo, mara nyingi kwa sehemu ya mbele, na uzito wote ule uliokuwa ukimezwa na soli sasa unabebwa na kano. Kano haikui kwa siku moja. Niliporejea ufuoni nilianza na dakika 10, nikaongeza kwa kima cha kijiko cha chai.

Nimesoma kiasi kuhusu suala hili, maana mwalimu haachi tabia yake. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha pia wakimbiaji wa Bonde la Ufa, wakaonyesha kwamba waliozoea kukimbia bila viatu mara nyingi hutua kwa mbele ya mguu na hivyo kupunguza kishindo cha mwanzo. Watu wengi waliishia hapo wakatangaza kwamba mguu wa Mwafrika una siri yake. Kisha mwaka 2013 watafiti wengine wakawapima Wadasanachi wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu, wakakuta kwamba wengi wao, wakienda kwa mwendo wao wa kawaida, hutua kwa kisigino. Nilifurahi sana kuusoma utafiti huo wa pili. Nimechoka kuambiwa kwamba miguu yetu ni mmoja.

Kuhusu mchanga wenyewe, kuna watafiti wa Ubelgiji waliopima mwaka 1998 na kukuta kwamba kukimbia juu ya mchanga kunakula nguvu takriban mara 1.6 ya kukimbia juu ya sakafu ngumu, kwa sababu mchanga unaudhoofisha kila msukumo kabla haujakupeleka mbele. Hesabu hiyo ni ya mchanga mkavu, ule wa juu, ambao unaonekana mtamu machoni na ni mateso miguuni. Mchanga wa kukimbilia ni ule uliolowa na kushikana, ambao bahari imeuacha muda si mrefu, nao haupatikani kila unapoutaka.

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo saa yangu ya mkononi haikuweza kunifundisha. Mwanzoni nilipanga siku zangu kama nilivyozipanga za barabarani, Jumanne, Alhamisi na Jumapili, saa kumi na mbili. Jumanne moja nilikuta maji yamepanda hadi kwenye kuta za mahoteli, nikawa nakimbia na kuruka mawimbi, nguo zimelowa hadi magotini. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa ameketi juu ya ngalawa yake iliyopinduliwa akanitazama nikienda, akanitazama nikirudi, kisha akaniuliza: “Binti yangu, washindana na bahari? Ngoja ipwe.” Nikamuuliza itapwa saa ngapi. Akacheka, akaniuliza mwezi ni wa ngapi leo. Sikujua. Mwalimu mzima, Muislamu mwana wa Muislamu, sikujua mwezi mwandamo ni tarehe ngapi ila ukiwa ni Ramadhani.

Tangu siku hiyo nimejifunza. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiwa mchanga au ukiwa mpevu, tunapata bamvua, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa hapa kwetu hupita mita 3, na bahari hurudi nyuma mpaka akina mama na watoto wakatembea kuelekea mwambani kutafuta pweza. Lakini kupwa kwa bamvua kwa Mombasa huangukia karibu na saa nne asubuhi, wakati jua limeshapanda na mchanga wa juu unaunguza nyayo; alfajiri ya siku hizo maji yangali juu. Siku zangu, basi, ni zile zinazofuata maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, mwezi unapokuwa umepita nusu, takriban tarehe 9 hadi 12 za mwezi mwandamo na tena 24 hadi 27, wakati kupwa kunapokutana na mapambazuko. Ni siku chache. Siku nyingine nakimbia kwa kupapasa, au natembea tu, au nalala.

Hata hizo siku chache zina masharti yake. Wakati wa kusi mwani hurundikana ufuoni, mwingine ukiwa umeoza, na mguu ukiuingia huteleza kama kwenye bamia. Chini ya mivinje kuna vile vijimbegu vyenye meno vinavyomfanya mtu mzima aruke kama mbuzi. Kuna vigae vya chupa, nyuzi za mshipi na, mara moja, ndoana, ambayo niliiona kwa rehema ya Mungu tu. Tena ufuo umeinama: nikielekea kaskazini bahari iko kuliani na mguu wa kulia unakanyaga chini zaidi ya wa kushoto, ndiyo maana sikubali kwenda bila ya kurudi kwa njia ileile, ili kila mguu upate zamu yake ya kuonewa. Macho yangu, ambayo barabarani yalikuwa yakizurura, sasa yako hatua 3 mbele yangu wakati wote. Sijui kama hilo linaitwa kupumzisha akili. Mimi naona akili yangu inafanya kazi kuliko wakati wowote, ila kwa jambo moja.

Jambo hilo moja ni kuhisi. Mchanga wa mkato wa maji ni baridi na mgumu, una mistari midogo inayochoma unyayo kwa upole. Hatua mbili juu yake unaanza kuwa laini. Hatua tatu zaidi unakuwa unga. Sehemu kubwa ya weupe wake ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na miongoni mwa wasagaji hodari ni pono, samaki yule yule ambaye mtu akilala fofofo twasema amelala usingizi wa pono. Mdomo wake ni mgumu, huguguna matumbawe ili ale kilichoota juu yake, kisha hukitoa kilichobaki kikiwa mchanga. Niliwaambia wanafunzi wangu habari hiyo darasani, na darasa zima likakataa kwenda pwani kwa muda wa kama dakika 2.

Sasa nije kwa mama.

Mama yangu ana miaka 74 na hajawahi kuipenda habari hii. Mavazi hayakumsumbua, maana nakimbia na suruali pana, kanzu fupi na mtandio nilioufunga vizuri, na hata vijana wa ufuoni wamenizoea na hunisalimia “shikamoo mwalimu” bila ya kuongeza neno. Kilichomsumbua ni miguu. Niliiona ni hofu ya kawaida, ya kudungwa na msumari au kuingiwa na funza, na nilimjibu kwa hoja za kawaida. Champali zangu nilikuwa nikimwachia mwanamke mmoja auzaye mahamri karibu na njia ya kushukia ufuoni. Juma lililopita hakuwepo, nikaziweka chini ya mvinje, na niliporudi nilikuta mahali pake tu. Nikapanda tuktuk hivyo hivyo. Mama alikuwa barazani aliponiona nashuka, na sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia tangu nilipokuwa mtoto: “Mwanangu, viatu umeviwata wapi? Wapita njiani miguu mitupu, kama mtu asiye kwao?”

Nilicheka, na hilo lilikuwa kosa. Hakuzungumza nami mpaka baada ya isha. Kisha, huku akichambua mchele wa kesho, bila ya kuinua uso, akaniambia kwamba nyanya yake alikuwa msichana mkubwa kabla hajavaa kiatu. Nikadhani anazungumzia umasikini. Akasema hapana, si kwamba vilikosekana. Hakuruhusiwa.

Nilikuwa nikiyafahamu haya kutoka vitabuni, kama mtu anavyofahamu mambo ya watu wengine. Katika miji ya pwani yetu kiatu kilikuwa alama ya muungwana, pamoja na kofia na mwavuli, na mtumwa alijulikana kwa kutokuwa navyo. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda huu mwaka 1907. Nilijua tarehe hiyo, nimewahi kuiandika ubaoni, na sikuwahi hata mara moja kuitia kwenye hesabu ya umri wa watu wa nyumbani mwetu. Mama hakuongeza neno na mimi sikumuuliza zaidi. Alipomaliza kuchambua mchele aliufunika sinia, akaniambia nisisahau kufunga mlango wa uani. Nililala nikizihesabu champali, makubadhi na viatu vya Idi ambavyo mama alitununulia utotoni hata katika miaka ambayo nyama haikuonekana nyumbani, na namna alivyokuwa akituvisha mwenyewe, mmoja mmoja, akikaza kamba za viatu hadi tunalia.

Siku nne zilipita sikwenda ufuoni. Nilijiambia ni kwa sababu ya maji. Jana usiku mama ndiye aliyeuliza, “Kesho kwapwa saa ngapi?” Nikamjibu kumi na mbili na kidogo. Akasema atakuja, kwa kuwa mtu wa kulinda viatu hayupo.

Basi leo baada ya swala ya alfajiri tulikwenda pamoja kwa tuktuk, yeye na buibui lake na makubadhi yake, mimi na champali mpya ambazo zilikuwa hazijazoea miguu. Nikamkalisha chini ya mvinje juu ya mkeka, nikavua, akazipokea. Kaskazi ilikuwa inavuma kidogo, mwani ulikuwa mchache, na mchanga ulikuwa mgumu kwa namna ambayo labda huipata mara 3 au 4 kwa mwaka. Kaa wadogo walikuwa wakikimbilia mashimoni mbele yangu kama watoto waliosikia kengele. Kwa mara ya kwanza sikuwa naangalia hatua 3 mbele. Niligeuka nyuma mara nyingi, na kila nilipogeuka alizidi kuwa mdogo, doa jeusi lisilotikisika.

Wakati wa kurudi nilimuona kwa mbali kabla hajaniona. Champali zangu alikuwa amezipakata, zimekung’utwa mchanga, zimebanwa unyayo kwa unyayo. Makubadhi yake yalikuwa pembeni ya mkeka. Miguu yake ilikuwa nje ya mkeka, visigino vimezama, na kwa kidole gumba alikuwa akichora mstari, anaufuta, anauchora tena. Nilipofika hakuificha.

“Mchanga baridi,” akasema.

Nikaketi kando yake mpaka jasho likakauka na jua likatufikia. Kisha akavaa yake, nikampa mkono akainuka, na zangu hakunipa mpaka tulipofika barabarani.