Majani Mangapi?

Mimi ni fundi baiskeli, na baiskeli ni kazi ya namba. Nati za ekseli ya nyuma zinataka spana ya 15. Ukilazimisha ya 16 unazila pembe, na mwenye baiskeli anakusema mtaa mzima. Gololi za nyuma ni za robo inchi, tisa kila upande. Hakuna fundi anayemwambia mwanafunzi wake "tia gololi kiasi."

Sasa mtu wa namna hiyo muweke nyumba moja na shangazi yangu.

Nyumba yenyewe iko Ngamiani, hapa Tanga mjini, nyumba ya kizamani yenye uani mrefu. Miguu ilipoanza kumsumbua na kuinama kukawa shughuli, shangazi alinikabidhi uani kama mtu anavyokabidhi watoto: huyu anapenda maji, yule hapendi, huyu usimguse mchana. Vipimo hakunitajia. Kila nikiuliza kiasi gani, jibu ni lile lile: "Kiasi chake, baba."

Mchaichai ndio mwenye uani. Upo pale yanapotokea maji ya vyombo na umenona kuliko kitu chochote kingine. Haupandwi kwa mbegu. Unang'oa shina moja na kamzizi kake, unapunguza majani yabaki kama shibiri moja, unachomeka. Kinachotaka adabu ni kuuvuna, maana jani lake ni wembe. Miezi ya mwanzo vidole vyangu vilijaa michirizi, na ukichanganya michirizi hiyo na grisi ya mnyororo, jioni ukinawa unaita majina yote. Shangazi aliniangalia wiki nzima bila neno, halafu siku moja akaniambia: shika tita zima chini, kisu kiende nje, usivute.

Kwenye chai, majani ni matatu. Namba hiyo nimeitafuta mwenyewe kwa kumvizia anavyofanya. Anayakunja, anayafunga fundo moja, anayatupa kwenye sufuria ya lita moja maji yakiwa bado baridi. Yakichemka na harufu ikafika barazani, ndipo majani ya chai yanaingia, kidogo, na sufuria inaepuliwa mapema. Lile fundo nililidharau nikidhani ni mapambo. Nikawa nakatakata mchaichai kama mchicha, chai ikajaa nyuzi za kukwama kooni. Ukifunga fundo, unaopoa kitu kimoja, basi.

Rehani na kivumbasi vimekaa ukutani, jirani kwa jirani, na watu wengi hawavitofautishi. Ni ndugu, ila tabia mbali. Rehani ni ya mwilini: kesho Ijumaa, au kuna harusi, shangazi anataka vijitawi laini vya kufungia kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, pamoja na asumini, na ua la kilua likipatikana. Dawa ya rehani isizeeke ni kukata vichwa vya maua kabla havijafunga mbegu, la sivyo inageuka kijiti. Kivumbasi ni cha vita. Magharibi ikikaribia natupia tawi lake bichi kwenye makaa ya jiko, moshi unatanda uani na mbu wanapungua. Nimesema wanapungua. Chandarua tunalalia kama kawaida.

Kuna mgeni mmoja wa Kizungu aliyeleta baiskeli kuzibwa pancha. Akaona rehani, akaomba konzi moja, kiasi cha kujaa mkono, kesho yake akaniambia ameitia kwenye tambi. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Kwake ilikuwa kama mtu ameniambia amepika udi.

Giligilani, ambayo wengine mnaiita kotimiri, imenitesa. Nilipanda Januari kwa kiherehere. Ikaota, ikafika kimo cha kiganja, halafu joto likaipandisha maua juu bila hata kunipa jani la kutia kwenye kachumbari. Nikapanda tena, ikafa. Nadhani yalikuwa maji ya kisima, yana chumvi. Sasa napanda Juni, upepo wa kusi umeanza na usiku kuna kaubaridi, namwagilia maji ya bomba au ya mvua niliyokinga. Na kuna kitu kinanifurahisha kila mara: ile mbegu ya mviringo si mbegu moja, ni mbili zimefungana kama vikombe vya ekseli. Naimwaga juu ya meza, naviringisha chupa juu yake taratibu, inapasuka katikati, napanda nusu nusu. Sijui wangapi wanaotupa mbegu nzima nzima chini halafu wanamlaumu muuza duka.

Tangawizi na manjano niliziweka kwenye magunia ya katani chini ya kivuli cha mpapai, kila kipande na jicho lake. Unapanda masika ikikaribia, unasahau, majani yakikauka mwisho wa mwaka unachimbua. Hazina hadithi. Nanaa ndiyo ina hadithi lakini fupi: ilitoka kwenye ndoo yake ya rangi, ikatambaa mpaka kwenye mchaichai, ikalishwa kuku.

Sasa mwarobaini.

Mti wenyewe uko nje ya ukuta, na jina lake ndilo linalotuponza: mwarobaini, maradhi arobaini. Masika ya mwaka juzi, madimbwi kila kona, nikashikwa na homa, kichwa kinagonga kama nyundo ya kunyooshea rimu. Shangazi alikuwa Pangani kwenye msiba. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Homa imenibana."

"Marahaba. Chemsha mwarobaini unywe, pole mwanangu."

"Majani mangapi?"

"Konzi."

"Konzi yangu au yako?"

Akakata simu. Watu walikuwa wanasoma hitma.

Mikono yangu mnaijua, wale mnaokuja kibandani. Konzi yangu ni konzi zake mbili na nusu. Nikachemsha, nikanywa kikombe asubuhi, mchana, usiku. Uchungu wake si wa ulimi, unashuka mpaka magotini. Siku ya pili nikawa natapika hata maji, na homa iko pale pale inanitazama. Mama watoto hakuniuliza ruhusa, aliita bajaji.

Zahanati walinichoma kidole, tone la damu kwenye kile kibao cha kupimia, baada ya muda mistari miwili. Malaria. Nikapewa dawa mseto, na hapo ndipo nilipopata kitu nilichokuwa nakidai miaka yote: namba. Vidonge 24 kwa mtu mzima. Vinne sasa hivi, vinne zikipita saa 8, halafu vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili. Unywe na chakula chenye mafuta au maziwa ili mwili uipokee vizuri. Muuguzi akaongeza kwa ukali wake kwamba ukipona siku ya pili usiache, umalize. Nikaona huyu dada angekuwa fundi mzuri.

Nikiwa nimelala napata nafuu ndipo nikaanza kusoma hivyo vidonge vimetoka wapi. Vimetoka kwenye jani! Atemisia, mmea wa Uchina. Mwanamama mmoja mtafiti wa huko, Tu Youyou, alipewa kazi ya kutafuta dawa ya malaria ndani ya tiba za jadi. Mmea huo ulikuwa ukiwapa majibu mazuri leo, mabaya kesho. Akarudi kwenye maandishi ya tabibu wa zamani sana, akakuta maelekezo: chukua konzi moja ya majani, loweka kwenye maji, kamua, kunywa. Loweka. Hapakuandikwa chemsha. Akahisi kwamba moto ndio unaoharibu dawa, akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzijoto 35 hivi. Oktoba 1971, sampuli namba 191 ikafanya kazi. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel.

Shangazi aliporudi nikamsomea yote. Alisikia neno moja tu.

"Konzi! Sikukwambia?"

Nikamwambia ndiyo shangazi, ila baada ya hiyo konzi kuna sampuli 191. Na hata leo Shirika la Afya Duniani halikubali watu wajitibu malaria kwa chai ya atemisia, kwa sababu jani la shamba hili na la shamba lile havilingani nguvu. Nikamkumbusha na Amani, kule juu Muheza, si mbali na kwetu: Wajerumani walifungua kituo chao cha utafiti mwaka 1902 wakapanda mikwinini, na vita kuu ya kwanza ilipowabana gome lake ndilo lililowapa kwinini. Nao hawakulitafuna gome kwa konzi.

"Haya," akasema. "Lakini chai yangu usiipime."

Hapo ana haki, na ndipo tulipogawana. Chai, kikuba, kachumbari, mchuzi wa samaki, ni mkono wake na jicho lake, na mimi nikinyamaza chakula kinakuwa kitamu zaidi. Ukizidisha mchaichai utakunywa chai kali, hutakufa. Homa ni kipimo kwanza. Mwarobaini wa kunywa umekwisha nyumbani kwetu, na wajawazito na watoto wadogo ndio kabisa, hata mafuta yake, yana sumu kwa mtoto. Shubiri tunaipaka tu kwenye ngozi, ule ute mweupe, nikiungua na moto wa kuzibia pancha. Ile maji ya njano inayotoka kwanza ukikata jani naiacha ichuruzike yote, maana ikiingia tumboni utahamia chooni.

Ila mti sikuukata. Majani kilo moja (nimepima kwa mizani ya jirani anayeuza dagaa), natwanga kwenye kinu, naloweka kwenye maji lita 5 usiku kucha, nachuja kwa kitambaa, natia sabuni ya kipande iliyokunwa, kijiko kimoja. Nanyunyizia pilipili na mchicha jioni, jua limezama, kwa sababu jua linaiua nguvu. Vidukari wamepungua sana. Vipimo nimeviandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye dumu, na shangazi alipoviona alivisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma barua ya posa.

Wiki mbili zilizopita nilipanda giligilani mpya, vishimo 30, kila kimoja na spoku ya zamani pembeni nijue kilipo. Mpaka leo asubuhi vimeota 22. Kuku wa jirani amekwisha kuviona.