Nairobi–Kisumu: hizo dakika za tiketi zinatoka wapi?

Ukigugo umbali wa ndege kutoka Nairobi mpaka Kisumu utapata majibu mawili na watu wanabishana bure, huyu anasema kilomita 270 yule 280, na wote wako sawa manake inategemea unatokea uwanja gani. Nairobi kuna Wilson, ule uwanja mdogo, na JKIA, ule mkubwa wa kimataifa. Wilson iko magharibi ya JKIA kwa hivyo imeshakupunguzia kama kilomita 10 kabla hata injini iwashwe. Hiyo ni mstari ulionyooka lakini. Barabara kupitia Nakuru na Kericho inakaribia 350.

Sasa vurugu iko kwa wakati. Zile tovuti za kukadiria zinachukua huo umbali zinagawanya na spidi ya jeti ikiwa juu, 800 na kitu kwa saa, zinakuambia dakika 20, alafu unanunua tiketi unaona imeandikwa 45 ama 50 unashangaa ni ndege gani hiyo inaenda pole hivyo. Si pole. Wakati wa tiketi unahesabiwa kuanzia ndege ikitoka mahali imepaki hadi ikishapaki kule ingine. Hapo ndani kuna kutambaa mpaka mwanzo wa ranwe, kuna kungoja zamu (na Wilson asubuhi ni msongamano kweli, wanafunzi wa urubani, ndege za Mara, helikopta, kila mtu anataka kuruka saa hiyo hiyo), kuna kupanda, alafu kushuka. Safari ikiwa fupi hivi, ndege haijakaa vizuri huko juu na rubani ashaanza kujipanga kushuka, hiyo spidi ya kwenye karatasi inaionja tu.

Ndio maana mimi sihangaikangi kutafuta jeti ya Kisumu. Chukua Dash 8 ya propela, tuseme inaenda 500 kwa saa, kilomita 270 ni kama dakika 32. Jeti kwa 800 ni 20. Tofauti ni dakika 12, tena kwa hesabu ya daftari, ukiweka kupanda na kushuka inapungua zaidi. Dakika 12 si unazipoteza Lang'ata Road kabla hujafika geti ya Wilson bana! Ukitoka upande wa Westlands nitakuelewa ukichagua JKIA, Expressway inakutoa hapo haraka, lakini hiyo ni hesabu ya barabara sio ya ndege.

Saa ya kuondoka nayo ina maneno. Kisumu iko chini kuliko Nairobi, mita 1,100 na kidogo, Wilson ni kama 1,690, so mtu anafikiria ni kuteremka tu. Kwani umesahau Mau, ile milima iko katikati? Lazima upande uivuke kwanza. Na mchana mawingu ya mvua yanajengeka upande wa ziwa na Kericho, rubani akiyazunguka dakika zinaongezeka na wewe tumbo linakujulisha. Mimi nachukuanga ya asubuhi, ya jioni nawaachia wenye moyo.

Uwanja wa Kisumu hauko mbali na mjini, kwa hivyo anayekuja kukuchukua mwambie atoke nyumbani ukishatua, bado utakuwa unangoja begi.