Safari ya Bagamoyo, Jumapili ya sita: mbuyu umetulia

Hatimaye! Kwa Jumapili tano mfululizo kila mti niliorekodi kwa simu nikiwa garini kutoka Bunju hadi Bagamoyo ulitoka kwenye video umejikunja, shina linatikisika kama jeli. Jana nimerudi Tegeta na dakika 38 ambazo mti ni mti. Nimeziangalia mara nne kabla ya kulala.

Mwanzoni nililaumu mwendo. Kwa kilomita 50 kwa saa gari linakata karibu mita 14 kila sekunde, kwa hiyo shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ikiwa 1/60 ya sekunde, mkorosho wa pembeni umeshasogea sentimita 23 kabla picha haijakamilika. Nikapandisha hadi 1/1000. Ukungu ukaisha, mtikisiko ukabaki, tena ukaonekana vizuri zaidi. Nikahamia kuilaumu barabara: nikapunguza upepo wa matairi, nikamwomba mdogo wangu (yeye ndiye dereva, mimi niko na simu tu) apite Kerege na Zinga taratibu, huku daladala zinatupigia honi nyuma. Wapi!

Jibu lilikuja gari likiwa limesimama. Tulipaki Mapinga chini ya mwembe tukanywa madafu, nikasahau kuzima rekodi. Nyumbani naangalia: gari haliendi popote, mwembe unacheza. Mdogo wangu anazima injini, na hapohapo mwembe unatulia. Nilirudia kipande kile hadi simu ikaisha chaji. Tatizo ni injini! Kamera ya simu haisomi picha yote kwa mpigo, inaisoma mstari kwa mstari, na mtetemo ukiingia katikati, mistari ya chini inakuta simu imeshahama. Stabilaiza ya lenzi, ile inayojaribu kutuliza picha, nayo inakimbizana na mtetemo isioweza kuufikia, inazidisha.

Holda ya kunata kwenye kioo nimeing'oa. Ule mkono wake mrefu ndio uliokuwa unakuza kila mtetemo, na simshauri mtu anayerekodi barabarani ainunue, hata ile ya bei mbaya. Mahali pake kuna mfuko wa kitambaa wenye kilo mbili za choroko juu ya dashibodi, simu imezamishwa humo hadi nusu, stabilaiza imezimwa. Kabla ya choroko nilitia mchanga, ukashindiliana ukawa mgumu kama tofali na kupitisha mtetemo wote. Choroko zinaunyonya.

Mpango wa jana ulikuwa kuunganisha kila kitu: magofu ya Kaole, barabara ya miembe inayoingia misheni iliyoanzishwa 1868, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani la 1897, na ramani ya sehemu zote hizo. Sikufika nusu. Nilishuka kwenye ule mbuyu wa misheni wenye mnyororo, ambao husimuliwa kuwa ulifungwa kwa ajili ya punda, nikakaa pale saa nzima. Nilikuwa nimeuona mara nyingi, ila sijawahi kusogeza uso hadi kwenye gome. Chuma kinatokeza kipande kifupi chenye kutu, kisha kinaingia ndani ya mti. Gome limevimba kukizunguka kama mdomo uliofumbwa, laini, la kijivu, bila ufa. Mti umeendelea kunenepa na chuma chake tumboni.

Kutoka hapo tukaenda kwenye nyumba za mawe mjini, na kwenye mlango mmoja wa kuchonga, pembezoni mwa mwimo, kuna nakshi ya mnyororo, pete kwa pete kutoka juu mpaka chini. Nimepita mbele ya mlango ule miaka yote nikitazama maua ya kwenye mfaa tu, ule mti wa katikati ya mlango! Pete ya nne kutoka chini imelika kwa mikono ya watu, imebaki alama tu.

Ramani itasubiri. Jumapili ijayo naacha mfuko wa choroko nyumbani, nabeba tochi ndogo ya kuangaza kwa ubavu, naanza na ile pete ya nne.