Siku moja maishani mwangu: muuza maembe wa Tabora

Saa kumi na moja alfajiri. Msimu wa maembe hakuna kulala. Baiskeli za vijijini zinaingia mjini kabla hakujapambazuka, matenga yamefungwa nyuma, na ukichelewa unaachiwa yaliyopondeka. Leo kijana wa Kwihara kaleta dodo. Kwao miembe imekuwepo tangu enzi za misafara ya kwenda Ujiji. "Mwangaluka, mama." Namwitikia huku mkono umeshazama chini ya tenga, maana mazuri hupangwa juu. Naangalia kikonyo. Embe lililochumwa na kikonyo chake haliunguzwi ngozi na utomvu. Lililotikiswa likaanguka silichukui hata la bure, kesho kutwa limeoza ubavu.

Saa moja. Napanga mafungu. Dodo mbele, ndiye mfalme wangu: kubwa, na likiiva meza nzima inanukia. Nyuzi kiasi zipo, zitakukaa menoni, vumilia. Bolibo linafuata, nyama tele. Sindano ni jembamba lenye ncha. Yale madogo ya kienyeji nayaacha kwenye ndoo. Hayo hayataki kisu: unaminyaminya, unatoboa ncha, unafyonza. Usivae shati jeupe.

Saa tatu. Dada mmoja kanyoosha kidole kwenye embe aina ya Tommy Atkins. "Hili jekundu ndilo limeiva?" Swali hili nalijibu kutwa. Wekundu wa Tommy ni wa jua, unatokea embe likiwa bado bichi. Keitt nalo huiva lingali kijani, watu wanalipita. Yote mawili asili yake Florida, Marekani, na Tommy lilipendwa na wafanyabiashara kwa sababu linavumilia safari na kukaa dukani. Kusafiri linajua, ila kwa utamu halifiki kwa dodo. Nikamwambia: "Bonyeza taratibu karibu na kikonyo, halafu nusa." Akachukua dodo la kula na Tommy la kupamba sahani ya wageni. Sikumbishia, hela ni hela.

Saa sita wanajaa watoto. Hawa wanataka bichi, lenye chumvi na pilipili. Nakata tu.

Saa nane. Mama wa juisi kaja kutafuta yaliyoiva mno kwa bei ya kutupa. Yeye hana habari na sura. Anasema kienyeji ndilo lenye harufu, nyuzi atazichuja, kisha anaongezea bolibo juisi iwe nzito. Nimeionja, kweli kabisa.

Saa kumi. Mzee mmoja, shikamoo yake nikampa, analalamika maembe yake ya mwisho wa msimu yana funza. Ni nzi wa matunda huyo, anataga ndani ya tunda. Nikamwambia, babu, usiyaache yaliyodondoka chini ya mti. Yaokote kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, uuache juani funza wafe. Akaulizia miche ya kubebesha, ile iliyoungwa kijiti cha mwembe mwingine. Inazaa mapema kuliko mwembe wa kokwa, tena unajua unapata embe gani. Lakini nikamsihi asikate dodo lake la zamani.

Saa kumi na mbili. Magumu nayavundika kwenye boksi lenye magazeti. Laini nashusha bei. Mwenye bodaboda kachukua fungu la kienyeji, na kabla sijamrudishia chenji kashaanza kufyonza.