Buibui kwenye buibui la Bi Mkubwa

Jumamosi nimeroweka tofali la usumba kwa ajili ya miche yangu ya nyanya. Maji ya moto yalipoanza kuliingia harufu ikapanda, nikajikuta nimesimama na birika mkononi nacheka peke yangu. Binti akauliza kulikoni. Nikamjibu neno moja tu: bafuni. Akacheka na yeye.

Ilikuwa Februari 2019, hapa hapa Coventry, na Bi Mkubwa alikuwa na mwezi wa pili kwetu tangu aje kutoka Paje, Unguja. Tulifikaje hadi kufuga tarantula wawili, wale buibui wakubwa wenye manyoya, ni hadithi ya alama za hisabati za mwanangu Sele na ahadi ambayo baba yake aliitoa bila kufikiri, tuiache. Boksi liliwasili Ijumaa, mtoa ahadi akiwa safarini kikazi. Ndani mlikuwa na vikopo viwili vya plastiki vilivyosheheni karatasi laini.

Mmoja alikuwa wa Amerika ya Kati, kahawia iliyokolea, nywele zimejisokota, mzito wa mwendo kama mzee anayetoka msikitini. Kikopo cha pili kilikuwa kimeandikwa *Usambara*. Ndivyo wafugaji wa Ulaya wanavyomwita yule wa Afrika Mashariki mwenye rangi ya chungwa bivu. Hana zile nywele za kuwasha ambazo wenzake wa Amerika huwapangusia maadui kwa miguu ya nyuma. Silaha zake ni meno na mbio, na akikuuma utapata maumivu makali na misuli kukaza, pengine kwa siku kadhaa. Haya yote Sele aliniambia baada ya boksi kufunguliwa.

"Usambara yetu?" Bi Mkubwa akauliza. "Basi huyo mtu wa nyumbani."

Nami nilishajiandaa kumpokea mtu wa nyumbani. Nilinunua tangi la kioo, refu, zuri. Nikanunua taa, na sponji ya kuweka kwenye kisahani cha maji, na mkeka wa umeme wa kupasha joto chini. Nina miaka kumi na moja Uingereza na bado silali bila chupa ya maji ya moto, sasa kiumbe wa kwetu nimwache hivi hivi Februari?

Sele aliangalia vitu vyangu kwa huruma. Tangi refu halifai, buibui akipanda akaanguka tumbo linapasuka. Hawakai pamoja, watalana. Sponji inafuga uchafu. Na mkeka ndio mbaya kuliko vyote: buibui huyu akiona joto hujichimbia chini kulikimbia, na huko chini ndiko atakakolikuta. "Joto la sebuleni linamtosha, Mama."

"Na Lushoto kwenyewe watu wanavaa sweta," Bi Mkubwa akadakia. "Nani kakwambia Usambara kuna joto?"

Nikanyamaza. Tukachukua makasha mawili ya plastiki, tukayatoboa matundu ubavuni. Ikabaki udongo, na hapo ndipo Bi Mkubwa alipokunja mikono ya kanzu. Udongo wenyewe ulikuwa tofali la usumba kama hili la nyanya zangu, na alipoliona alilishika akalinusa. Kwao makumbi yanazikwa mchangani pwani miezi na miezi, yafukuliwe yananuka, yapondwe mpaka utoke usumba, ndipo wanawake wakae kusokota kamba. "Na huu mmeulipia pauni?" Akaufikicha kwenye beseni, akawa anaukamua gao kwa gao, kwa sababu Sele alisema uwe na unyevu ila usichuruzike. Tukamjazia wa Usambara sentimita 15 za kuchimba, tukaegemeza kipande cha gome.

Kumhamisha ndiyo ikawa kazi ya bafuni. Hilo wazo langu, na bado nalitetea: mlango unafungika na hakuna makabati ya kujifichia. Tundu la maji tuliliziba kwa kitambaa. Kasha likawa ndani ya beseni la kuogea, kikopo ndani ya kasha, Sele kapiga magoti na brashi ya rangi mkononi. Akamgusa mguu wa nyuma. Kimya. Akamgusa tena.

Sikumwona akitoka. Nilimwona ameshapita. Brashi, mkono wa Sele, bega, kisha mlangoni. Tulikumbuka tundu la maji. Hatukukumbuka kwamba nyuma ya mlango kimetundikwa kitu cheusi. Akasimama pale katikati, chungwa juu ya weusi, kainua miguu ya mbele na meno yanaonekana. Sele hapumui. Mimi nina ndara mkononi na sijui nimeivua saa ngapi.

Mlango ukagongwa.

"Hodi humo. Nataka kutia udhu."

"Usifungue, Mama!"

"Kuna nini?"

"Buibui, Mama!"

"Nimelitundika mwenyewe nyuma ya mlango. Limewafanya nini?"

"Si lako, Bibi," Sele akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Mdudu. Yuko juu ya lako."

Pakawa kimya. Bomba lilikuwa linadondosha maji, nikahesabu matone manne.

"Msimuue," sauti ikaja. "Buibui hauawi. Ndiye aliyetanda utando mlangoni mwa pango, akamsitiri Mtume. Na wewe weka ndara chini."

Mlango ulikuwa umefungwa. Niliiweka chini.

Sele akamfunika kwa bakuli la plastiki, akapenyeza karatasi ngumu nyuma yake, taratibu mno, akamrudisha kashani. Bi Mkubwa akaingia, akamkagua. "Huyu hafanani naye," akasema, akatia udhu. Mpaka anasafiri alikuwa akilikung'uta lile buibui mara tatu kabla ya kulivaa.

Wiki haikuisha, wa Usambara akawa ametanda hariri kasha zima, gome halionekani. Yule mwenzake alikaa wiki mbili bila kula, nyenje tunamtia leo tunamtoa kesho. Sele sasa yuko chuo kikuu. Bibie wa Amerika ya Kati, maana alikuwa jike, kabaki na mimi, na majike hawa huishi miaka mingi, kwa hiyo kila Jumapili namlisha kwa kibanio kirefu. Mkeka wa umeme naukanyaga mwenyewe nikitazama taarifa ya habari.

Wa Usambara alikuwa dume. Madume wakishabalehe hawakai sana, alikufa 2021.

Bi Mkubwa akipiga simu, kabla hajauliza habari za wajukuu, huuliza: "Mgeni wa Usambara hajambo?" Mara ya kwanza nilijibu hajambo kwa sababu simu ilikuwa inakatika. Sele ananiambia nimwambie ukweli. Wiki iliyopita kauliza tena, na kataka kujua kama bado anaona baridi.