Leo nimeushika upinde wa kale

Jamani, leo nina furaha ya kitoto!

Upinde wangu mpya umefika. Mpya kwangu tu, maana ni Kodiak Hunter wa kampuni ya Bear, ule wa ncha zinazojikunja kwenda mbele. Umeandikwa Grayling, Michigan, kwa hiyo ni wa kabla ya kiwanda kuhamia Florida mwaka 1978.

Sikukimbilia kuuvuta. Kwanza nimepitisha pamba juu ya faibaglasi, kwani penye ufa nyuzi hunasa.

Safi kabisa.

Nikaufunga upote (kamba ya upinde) wa dakroni, uzi unaonyumbuka kidogo. Zile nyuzi za kisasa zisizonyumbulika zinaweza kupasua ncha za pinde za zamani.

Kisha nikaukamata, nikanyamaza.

Pale kidole gumba kinapokaa, mti umelika na rangi imetoka, laini kama kokoto ya mtoni. Kuna mtu aliushika hapohapo miaka na miaka, nani ajuaye alikuwa akimvizia mnyama gani.

Nguvu ya kuuvuta ni ratili 45, bila kapi wala darubini. Mshale wa kwanza: tu! Shabaha sisemi 😂

Msimu wa kuwinda ukifunguliwa naingia nao porini, na mnyama asiponikaribia, simpigi.

Wenye pinde za kale, mnatumia mishale ya mbao au alumini? Nipeni siri.